Tindo na Jiwe la Magharibi

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mwamba wenye milango mingi, wala hauna hata ufunguo mmoja.

Hapo zamani za kale, katika mwamba huo waliishi pimbi. Mnawajua pimbi, wanyama wadogo kama sungura, ila masikio yao ni mafupi. Wote walikuwa na choo kimoja, jiwe la magharibi, mbali na pango. Sababu ilikuwa Chui. Chui haoni ndani ya pango, lakini pua yake ni kali, na akinusa kinyesi humo atajua wenyewe wamo.

Mama Tindo alikuwa na mtoto mmoja tu, Tindo, na Tindo alijisaidia popote alipobanwa. Msicheke. Nani hapa hajawahi kulowesha mkeka?

Tindo akachafua pango mara ya kwanza, wakanyamaza. Akachafua mara ya pili, shangazi yake, aliyekuwa mkuu wa mwamba, akamwita mama.

"Wifi, nampenda mtoto wa kaka yangu. Lakini ya tatu ikitokea, mtahama mkaishi mbugani."

Mbugani hakuna pango. Mama Tindo akaogopa sana, kisha akajikaza. "Atajifunza, wifi. Nipe hadi mwezi uandame."

Akamuuliza Nyani. Nyani akasema, "Mfinye." Akamfinya. Tindo akajifunza kujificha tu. Siku moja mama alimkuta nyuma ya majani ya kulalia, kashachuchumaa, kwa bahati akamnyakua kabla hajachafua.

Akamuuliza Kanga, yule ndege wa madoadoa. Kanga akasema, "Mwache, ataacha mwenyewe." Huku akisema hivyo, Kanga alikuwa akijisaidia palepale aliposimama. Mama Tindo akamshukuru, akaenda zake.

Baada ya hao wawili hakumuuliza mtu. Akakaa, akamtazama mwanawe. Akamtazama asubuhi, akamtazama mchana. Akaona kwamba Tindo akibanwa huacha kucheza, hugeukia ukuta, akawa kimya.

Basi kila Tindo alipogeukia ukuta, mama alimbeba mbio hadi jiwe la magharibi, akimwimbia:

Tindo, Tindo, jiwe linakungoja,
shusha mzigo wako, turudi pamoja.

Siku nyingine walikaa jiweni mpaka jua likawachoma, na Tindo asitoe kitu. Mama akambeba tena. Mgongo ukamuuma, akambeba tena. Wenzake wakamcheka, akambeba tena.

Mwezi ulipokaribia kuandama, mchana mmoja, mlinzi akapiga kelele, "Chui!" Pimbi wote wakajisukuma pangoni. Chui akaja, akaweka pua mlangoni, fff, fff.

Ndipo Tindo akageukia ukuta.

Shangazi akaona, akafumba macho. Safari hii mama hakuwa na pa kumpeleka.

Tindo akanong'ona, "Mama, jiwe." Hakuwahi kuomba hata siku moja.

"Jiwe lipo, mwanangu. Bana kidogo." Akamwimbia sikioni, kwa sauti ndogo kuliko ya mbu. Tindo akabana miguu. Machozi yakamtoka, naye akabana.

Chui akanusa mara ya kwanza, majani makavu. Akanusa mara ya pili, vumbi. Akanusa mara ya tatu, upepo ukamletea harufu kutoka magharibi.

"Kumbe wako kule," akasema.

Akaenda mbio, akarukia jiwe la choo. Jiwe hilo lilikojolewa tangu enzi za mababu, likawa linateleza kama sabuni. Chui akaporomoka, puu, hadi kwenye miiba. Akaondoka akichechemea, kapakaa kinyesi mwili mzima, na kwa siku nyingi swala walimnusa kabla hajawafikia.

Mlinzi aliposema Chui kaenda, mama akanyoosha mikono ambebe mwanawe. Tindo akampita. Akakimbia kwa miguu yake mwenyewe, na punde wakamsikia huko jiweni akijiimbia, "jiwe linakungoja."

Mama Tindo akakaa chini akalia kwa furaha. Shangazi akaenda kuchuma majani mapya, akamtandikia Tindo ubavuni pake.

Funzo letu ni hili: mtoto hafunzwi kwa kufinywa, wala kwa kuachwa tu. Hufunzwa na anayemtazama vizuri, asiyechoka kumbeba hadi siku atakapokwenda mwenyewe.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, ibebeni mwende nayo nyumbani. Ikiwa chungu, niachieni nitaimaliza mwenyewe.