Jina la Aliyemfikisha Bibi

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, simu zilipokwisha kujifunza kuimba, Saumu alikuwa na mimba ya kwanza na mama yake, Bi Riziki, alikuwa mgonjwa. Bi Riziki alijua hatamwona mjukuu. Akasema, "Nitafutieni simu, nimwimbie humo."

Dukani Saumu aliipenda simu nyembamba, inayong'aa kama mgongo wa samaki. Wifi yake, Mwanakombo, akamshika mkono.

"Wifi, hiyo haina pa kutia kadi ya kumbukumbu. Chukua hii nene. Simu hufa, kadi huhama."

Nyumbani wakamcheka: "Mwanakombo katuletea tofali!" Lakini kadi ikatiwa.

Bi Riziki akajipiga video akiimba. Jioni baada ya jioni aliimba, mikono ikibembeleza mtoto asiyeonekana. Kadi ikajaa. Naye akalala, asiamke.

Siku moja Saumu aliinama kisimani kuchota maji, simu ikamponyoka kifuani. Tubwi! Akatazama chini, akaona kipande cha mbingu na uso wake mwenyewe ukiyeyuka.

Shoga yake Siwema, asiyejua kuogelea, akajifunga kamba kiunoni. "Nishike vizuri, shoga. Sijaolewa bado!" Akazama, akaibuka. Akazama tena. Akatoka na simu mkononi, magoti yakivuja damu. Simu ilikuwa imekufa. Kadi ilipona, lakini iliugua: inafunguka, inajifunga.

Wakaikimbiza kwa jirani yao mjane, Bi Tausi, mwenye kompyuta. Kadi ikafunguka. Kompyuta nayo ilikuwa imejaa: ilibeba video ya harusi yake, marehemu mumewe akicheka.

"Kadi hii ikijifunga, haitafunguka tena," Bi Tausi alisema. Akamtazama mumewe akicheka, mpaka mwisho wa kicheko. Kisha akaifuta harusi, nyimbo zikaingia.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya saba, siku ya jina, wakawasha kompyuta. Sauti ikapanda taratibu kama moshi wa udi, na mtoto akatulia. Nyimbo zilipokwisha, Bi Riziki, mle kwenye video, akawatazama.

"Asiitwe jina langu, mtalia kila mkimwita. Mpeni jina la aliyenifikisha kwake. Jina moja tu."

Mwanakombo akasema, "Bila tofali langu, mngeokoa kadi gani?"

Siwema akacheka. "Tofali lako lilizama, dada. Kadi ilikuwa mali ya kisima mpaka nilipoingia mimi."

Bi Tausi alikuwa akikunja ncha ya kanga yake. "Wewe ulitoa akili, bado unayo. Wewe ulitoa magoti, yamepona. Mimi kicheko kile sitakisikia tena, wanangu."

Saumu alimwinamia mwanawe, midomo ikakaribia sikio dogo lenye joto. Akavuta pumzi.

Nanyi mnaosikiliza, sikio ndilo hilo, linangoja. Mngenong'ona jina la nani?