Kamba ya Mzee Kobe

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa na nini?
Pakawa na deni, nalo deni halikosi mwenyewe.

Basi alikuwapo Bi Kalunguyeye, mama wa watoto wanne, mdogo wa mwili, akili kochokocho. Mwaka wa njaa alikopa paja moja la nyama kwa Fisi. Kulipa akashindwa. Fisi akamshtaki kwa hakimu, Mzee Kobe, na Kobe akaamua paja lirudi. Kisha akampa Fisi bunda la kamba za ukindu.

"Hukumu bila kamba ni maneno tu," akasema. "Nenda ukaikazie. Kitakachokazwa kisiguswe mpaka nije nikifungue mwenyewe, au deni liishe. Atakayegusa kabla atalipa mara kumi."

Paja moja, lakini Fisi alitaka nyumba nzima. Akakaza kinu, kwii. Akakaza mtungi, kwii. Akakaza kitanda, kwii. Akakaza na chungu cha maharage kilichokuwa kikitokota mekoni. Hapo Bi Kalunguyeye moyo ukamuuma, maana watoto hawakuwa na chakula kingine siku hiyo.

"Mjomba," akasema kwa adabu, "na mlango wa mninga unauacha? Ila usiukaze kwa nje. Wapita njia wataikata kamba."

Fisi na tamaa, tamaa na Fisi. Akamtoa mama na wanawe, akajifungia, akaukaza mlango kwa ndani. Kwii.

Harufu ya maharage ikampanda puani. Tumbo likanguruma, nguru-nguru. Ale? Chungu kimekazwa. Atoke? Mlango umekazwa. Na Bi Kalunguyeye kakaa kizingitini, masikio wazi.

"Mzee Kobe yuko wapi?"

"Keshatoka kwake, mjomba. Amefika kwenye kichuguu."

Kichuguu chenyewe kiko uani kwa Kobe. Alasiri Fisi akauliza tena.

"Amekipita, mjomba. Sasa anapumzika."

Nguru-nguru.

"Deni limekwisha," Fisi akanong'ona.

"Sema kwa sauti, mjomba, majirani wasikie."

"Limekwisha!"

Akazitafuna kamba zote, kre-kre-kre. Bi Kalunguyeye akapakua, na bakuli la kwanza akampa Fisi, kwa kuwa lile paja lake ndilo lililowavusha wanawe mwaka ule, na hilo hakulisahau. Wakala pamoja.

Kobe alifika siku ya nne, akakuta vyombo vimeoshwa. Tangu hapo, mshindi wa kesi akifuata mali ya mdaiwa, watu husema anakazia hukumu.

Hadithi imekwisha. Ikiwa tamu tugawane, ikiwa chungu nidaini mimi. Na funzo lake, wanangu: lipeni madeni mapema. Mkishindwa, wekeni mlango mzuri.