Uganga wa Kuruka Aliofundisha Pimbi

Enzi zile wanyama walipokuwa na meko na milango kama sisi, Mama Pimbi alitundika masuke ya mtama wa mbegu juu ya moto. Akamwambia mumewe, “Mvua ya kwanza ikinyesha, usichelewe kupanda.” Akalala. Kulipokucha hakuamka.

Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, akaweka matanga. Kiboko na Ngiri wakaja kumliwaza. Majirani wengine walipoondoka, wao walibaki. Wakamaliza unga, wakamaliza maharage, hata chumvi wakailamba.

“Mfiwa haachwi peke yake,” alisema Kiboko, akitazama juu. “Ule si mtama?”

“Ni mbegu, bwana. Ukiliwa huo, wanangu watalala njaa mwaka mzima.”

“Mbegu nayo huiva ikichemshwa,” alisema Ngiri.

Kumfukuza mgeni wa matanga ni aibu, na Kiboko peke yake alijaa mlango mzima. Pimbi akateleka chungu.

“Nitapika. Ila mkishiba, sitaweza kuwafundisha uganga wa kuruka. Nilifundishwa na popo wa kanisani. Ni wa Kilatini.”

Kiboko akasimama. “Unasemwaje?”

“Levis volo. Levis ni mwepesi. Volo ni naruka. Lakini ukiusema na tumbo limejaa, umesema uongo, na Kilatini hakikubali uongo.”

“Nitajuaje kama nimekuwa levis?”

“Tembea uani. Nyayo zako zisipoacha alama, sema maneno hayo, utapaa.”

“Epua chungu,” alisema Kiboko.

Wakashinda uani, du, du, du, kila mmoja akimchunga mwenzake asile kwa siri.

“Katika unyayo huo mtu anaweza kuoga,” alisema Ngiri.

“Na wewe hizo pembe zako za mdomoni utamwachia nani ukipaa?”

Kiboko akapanda jiwe, akafumba macho. “Levis volo.” Puu! Akaanguka kifudifudi.

“Bado kidogo, bwana,” alisema Pimbi. “Nikuletee uji?”

“Usiniharibie.”

Siku ya pili jioni, matumbo yakinguruma, Kiboko alisema, “Nimekumbuka, sikufunga mlango kule mtoni.”

“Mto una mlango?” aliuliza Ngiri.

“Wangu unao.”

“Basi nikusindikize,” alisema Ngiri upesi.

Wakampa Pimbi pole ya mwisho, wakashika njia, na hatua zao zilikuwa za haraka kuliko siku waliyokuja. Ndiyo hivyo, wanangu: mwenye nguvu hasukumwi, huachiwa tamaa yake imsukume.

Usiku huo mvua ikanyesha. Asubuhi Pimbi aliteremsha mtama, akawaita watoto, wakaenda shambani. Yeye alichimba mashimo, wao wakatia mbegu na kufukia. Alipomaliza mstari wake, akarudi mwanzo, akachimba na ule wa mkewe.