Koti Lililovikwa Darubini

"Kinga jicho kabla ya kichwa."

Maneno hayo aliyasema jirani mmoja kwenye maandalizi ya harusi, mvua ilipowakurupusha vijana wakakimbilia ukumbini na kuziacha spika nje zikilowa. Ngasa na dada yake Kulwa walikuwa miongoni mwao. Walicheka, kwa kuwa hawakuona jicho linaingiaje hapo. Jioni walimpelekea swali bibi yao Milembe, aliyekuwa barazani akichambua uyoga. Bibi akatua ungo. Akawaambia wamemwuliza mwenyewe, maana msemo huo ulizaliwa nyumbani kwake, na chanzo chake kilikuwa hiki.

Milembe alikuwa na miaka ishirini na sita, mke wa Lusangija, mwindaji wa kijiji kilichopakana na msitu upande wa mto Ugalla. Siku hizo msitu ulianzia nyuma ya zizi. Mtu aliamshwa na kanga kabla hata jogoo hajawika, na masika yakiingia, harufu ya ardhi iliyolowa ilifika hadi kitandani. Lusangija alikuwa na kibali, bunduki moja na darubini. Nyati wakivamia mashamba, aliitwa yeye.

Darubini hiyo aliachiwa na Bwana Nyama mmoja, afisa wa wanyamapori, siku alipostaafu, baada ya kutembea naye porini miaka sita. Lusangija aliiita jicho lake. Aliifuta kwa kitambaa laini kila jioni, akaitundika mbali na moshi. Masika moja iliingia maji. Vioo vikashika ukungu kwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na kwa wiki nzima alipotazama aliona weupe mtupu. Toka hapo akawa anaiogopea darubini hiyo mvua kama mama anavyomwogopea mtoto mchanga.

Yeye mwenyewe hakujiogopea, ingawa kifua chake kilikuwa kibovu. Kila masika alikohoa hadi mbavu zikauma. Milembe akakusanya nta ya msimu mzima, akaenda kuibadilisha mjini kwa koti la mvua, zito, lenye kofia. Mvua ya kwanza ilipomkuta Lusangija porini, alirudi amelowa chapachapa, koti limeizunguka darubini kifuani. Milembe hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu Lusangija akamwahidi kwamba koti hilo litakaa mgongoni mwake.

Haukupita mwezi, wawindaji wa kutoka mbali wakamjeruhi nyati, wakaondoka bila kummaliza. Hakuna mnyama wa kuogopwa kama huyo, kwa sababu hakimbii. Hulala majanini akamngojea mtu. Lusangija alimsaka siku tatu, mvua ikafuta nyayo. Wanawake wakakaa nyumbani. Lakini uyoga haumngoji mtu, nao ndio uliokuwa kitoweo cha majira hayo. Siku ya nne Milembe na wenzake wanne wakamwomba Lusangija atangulie. Akapanda jabali lililotazama bonde lote, akapima kila kichaka kwa darubini, kisha akawapungia mkono waingie.

Walikuwa wamejaza vikapu nusu mvua iliposhuka. Wakajibanza chini ya mti. Kutoka pale Milembe aliinua macho jabalini, akamwona mumewe akivua koti, akilikunja, akaifunga nalo darubini. Akajiinamia juu ya furushi hilo, maji yakimtiririka mgongoni. Milembe akapandwa na hasira. Aliona amevunjiwa ahadi mbele ya wenzake, tena kwa ajili ya chuma na vioo.

Mvua ilipokatika walishika njia ya bondeni kurudi nyumbani. Mara koti likaonekana juu ya jabali, likipepezwa huku na huku.

"Twendeni," Milembe akasema. "Anaanika koti lake."

Nyanzala, aliyekuwa mkubwa wao, akasimama. "Mtu haaniki koti hivyo, mwanangu. Anatukataza."

Wote wakasimama. Lusangija akawaonyesha upande wa mtoni kwa mkono wote. Wakageuka taratibu, vikapu vichwani, wakiogopa hata kupumua. Hawajafika mbali, majani ya mbele ya pale walipokuwa wamesimama yakatikisika, na nyati akainuka, mweusi, tope limemganda ubavuni. Alikuwa amehamia hapo mvua ikinyesha, akalala kando ya njia ile ile. Bunduki ikalia mara moja, nyati akaja hatua chache. Ikalia mara ya pili, akaanguka.

Lusangija akashuka akitetemeka, meno yakigongana. Milembe akamfunika kanga yake. Alitaka kumshukuru, lakini lililotoka mdomoni ni lile lililokuwa likimchoma.

"Koti nilikupa wewe, Lusangija. Mbona umeivisha darubini?"

Alimjibu kwa upole, kama kawaida yake. "Kichwa kikilowa, jua litakikausha. Jicho hili lingelowa, mvua ikatike, ningewaona kwa kitu gani? Nyati nimemwona sikio tu, Milembe. Sikio moja likifukuza inzi."

Milembe akakaa chini njiani, akalia. Aliyapima mawili: hasira yake ilikuwa karibu kuwatia wenzake kwenye pembe, na koti alilolionea uchungu ndilo lililowaokoa. Jioni hiyo Nyanzala alisimulia katika kila nyumba aliyopeleka nyama, akimaliza kwa kuonya kwamba mvua ikija, mtu akinge jicho kabla ya kichwa.

Lusangija alikohoa mwezi mzima. Milembe alimpa uji wa moto na asali, na katikati ya kikohozi hicho akashona mfuko wa ngozi ya mbuzi, wenye kifuniko kirefu, akaupaka nta kila mshono. Toka hapo darubini ikawa na nguo yake.

Kulwa akauliza kama babu alilivaa koti baada ya hapo.

"Alilivaa hadi likararuka mabega," Bibi akasema. "Miaka kumi na minane tangu tumzike, lakini wingu likitanda bado namwona mlangoni. Anauvuta kwanza mfuko, anakaza kifuniko, anaupapasa kuona kama umefunga. Ndipo anaanza kufunga vifungo vyake, akinitazama nione kwamba anafunga. Maji ya kichwani hukauka, wajukuu zangu. Kile kinachokuonyesha wenzako walipo, kikiharibika siku unapokihitaji, hukipati tena. Kinga jicho kabla ya kichwa."