Nyumba Isiyongoja Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Waliokaa mbali wasogee. Waliokwisha kusogea wanyamaze.

Hapo kale, tena si kale sana, palikuwa na mtaa mjini ulioitwa Kwa Madebe. Waliishi humo makuli wa bandarini, madobi, wapiga rangi na wachemshaji wa sabuni. Mbao zilikuwa ghali na mawe yalikuwa ya matajiri, basi kila mtu alijenga kwa alichookota.

Palikuwa na nyumba ya madebe ya mafuta yaliyobondwa yakawa bapa, maandishi yake yakasimama kichwa chini. Palikuwa na nyumba iliyojengwa kuuzunguka mnazi. Shina lilitoboa paa, na nazi ikidondoka juu ya bati, mama wa humo alijua atapika nini. Palikuwa na behewa la treni lisilo na magurudumu, na humo aliishi Mzee Kirobo, aliyefanya kazi reli mpaka miguu ikakataa.

Watu wa mitaa mingine walicheka. Wa Kwa Madebe hawakucheka, wala hawakuulizana. Kumuuliza mtu nyumba yake imejengwa kwa kitu gani lilikuwa tusi.

Katika ile nyumba ya madebe aliishi Siwema, mkaanga vitumbua, pamoja na mdogo wake Mwaija. Mwaija alikuwa na mimba kubwa, na mumewe alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge. Masika yalipoanza, paa likavuja. Likavuja mlangoni, likavuja jikoni, likavuja juu ya kitanda cha Mwaija. Siwema hakuomba kingine siku zile ila mdogo wake ajifungue salama.

Siku moja asubuhi watu wakaamka, wakaona nyumba mpya mwisho wa mtaa. Kuta zake zilikuwa laini, hazina kiungo wala ufa. Madirisha mawili yalikaa juu, karibu karibu. Vidato vya kupandia mlangoni vilikuwa vyeupe pe. Mvua ilinyesha, na paa lile halikutoa hata mlio.

Mzee Kirobo akaikazia macho, akasema, "Nyumba gani hii haina baraza?"

"Mzee wangu," akajibu Mbegu, fundi wa bati, "wewe umepanga ndani ya treni, unaulizia baraza la mwenzio?"

Watu wakacheka. Mzee Kirobo akarudi behewani kwake, akafunga dirisha.

Basi Mbegu akaenda kutafuta kazi kwenye nyumba ile. Ikasikika sauti nene: "Karibu!" Akaingia. Hakutoka. Watu wakasema, amepata kazi.

Akaenda Athumani dobi kuulizia nguo chafu. "Karibu!" Akaingia. Hakutoka. Watu wakasema, nguo ni nyingi.

Siku ya pili yake Mwaija akajitanda khanga. "Dada, nakwenda kuulizia chumba. Naambiwa kule hakuvuji."

"Ngoja nimalize hivi vya mafutani, twende wote."

"Dada, vitumbua vyako haviishi. Mgongo unaniuma, nataka pakavu."

Akaenda. Siwema akabaki anageuza vitumbua, sikio moja liko nje. Mara akasikia: "Karibu!"

Mkono ukasimama. Mwaija alikuwa hajabisha hodi. Hata mdomo alikuwa hajafungua. Tangu lini mtu akakaribishwa kabla ya hodi?

Siwema akaepua karai, akatoka mbio kwenye mvua. Alipopita behewani, dirisha likafunguka.

"Siwema! Hilo ni zimwi."

"Umejua lini, babu?"

"Tangu jana."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema nini mimi, mtu wa behewani?" Mzee Kirobo akashusha sauti. "Sikiliza. Zimwi likijigeuza nyumba, mgeni akilidai haki ya mgeni haliwezi kumkatalia. Likikataa linapasuka. Wala halitafuni. Linangoja watu walale, ndipo linameza. Basi usilale, mjukuu wangu."

Siwema akafika mlangoni.

"Karibu!" ikasema nyumba.

"Hodi," akasema Siwema.

"Nimekwisha kusema karibu."

"Na mimi ndiyo kwanza nabisha. Hodi."

Nyumba ikapepesa madirisha yake, kama mtu aliyeulizwa jina akalisahau. Kisha ikasema taratibu, "Karibu."

Akaingia. Ndani mlikuwa na giza na joto zuri. Sakafu ilibonyea kama godoro. Mbegu ameegemea ukuta, Athumani ameegemea Mbegu, na miguu yao imezama sakafuni hadi magotini. Mwaija alikuwa amekaa, kope zinamwangukia.

"Hakuvuji, dada," akasema. "Sikiliza. Hakuvuji kabisa."

Siwema akasikiliza. Ilikuwa kweli. Akahisi usingizi unampanda kutoka nyayoni, na kwa muda akatamani akae naye. Akajiuma ulimi. Akamnyanyua Mwaija, akawachapa wanaume makofi ya mashavu mpaka wakafumbua macho na kuchomoa miguu yao.

"Mwenye nyumba," akasema, "tumekaa. Tunaomba ruhusa."

"Mapema yote hii? Laleni kwanza."

"Tunaomba ruhusa."

"Mvua hii mtakwenda wapi na mjamzito?"

"Tunaomba ruhusa."

Mwenyeji hubembeleza mara moja, hubembeleza mara mbili, lakini mara ya tatu hutoa. Kuta zikatetemeka. "Haya, ruhusa nimewapa. Ila sikusema nitafungua mlango." Na mlango ukang'ata, kizingiti cha juu juu ya kidato cha chini.

Athumani akaanza kulia. Mbegu akamwambia, "Lia polepole, usije ukalifurahisha."

Siwema akawaza. Kwa Madebe mgeni haagwi na mtu aliyekaa. Mwenyeji husimama, humtanguliza mgeni wake, humfuata hadi njiani, hata kama mwenyeji ni mgonjwa, hata kama kunanyesha.

"Mwenye nyumba," akasema, "tusindikize."

Sakafu ikajikaza.

"Tusindikize. Au hapa kwako wageni hawasindikizwi?"

Zimwi likaguna. Likaguna tena. Kisha nyumba nzima ikainuka, sakafu ikainama mbele, mlango ukafunguka, na wote wanne wakateremka nje kwenye tope kama samaki waliomwagwa kapuni. Walipogeuka, nyumba ilikuwa imesimama juu ya miguu miwili yenye vinyweleo, inawangoja watangulie.

Wakatangulia. Nyumba ikawafuata, chubwi, chubwi, chubwi. Watu wakatoka milangoni. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyeuliza.

Kwenye kona ya mtaa nyumba ikasimama. "Nimewasindikiza. Sasa mniambie inatosha, mniambie rudi."

Ndiyo desturi. Mwenyeji hageuki mpaka mgeni amwambie maneno yote mawili. Mwaija, kwa mazoea ya malezi mema, akafungua mdomo. Siwema akauziba kwa kiganja.

"Bado kidogo," akasema.

Wakapita kiwanda cha sabuni. "Inatosha?" "Bado kidogo." Wakavuka reli ya mwisho. "Inatosha?" "Bado kidogo." Mwaija alishika kiuno, Mbegu na Athumani wakamshika mikono. Wakafika kwenye mashamba ya chumvi, mahali pasipokaa mtu.

Hapo Siwema akageuka. "Inatosha," akasema. "Ahsante kwa kutusindikiza."

Nyumba ikangoja. "Na neno la pili?"

Siwema hakulisema.

Bila neno la kwanza zimwi lingeendelea kuwafuata; sasa limekwisha kuambiwa inatosha, na bila la pili haliwezi kurudi. Likabaki pale pale kwenye chumvi, miguu inadidimia.

"Nimekosa nini?" likauliza. "Mlikuwa mnalowa, nikawapa pakavu."

"Ulitupa," akasema Siwema. "Hilo sikukatalii." Akamshika mdogo wake mkono, wakaondoka.

Mwaija alijifungua jioni ile ile, katika nyumba ya madebe, kwenye kona moja iliyokuwa kavu, Mbegu yuko juu ya paa na nyundo. Akapata mtoto wa kike mwenye sauti kubwa.

Na wachota chumvi husema nyumba iko kule hadi leo, imezama mpaka madirishani. Kila anayepita huombwa: niambie rudi. Wengine hukimbia. Wengine huisalimu, wakapita. Neno lile hakuna aliyelitamka.

Hadithi yangu imeketi hapo, nami siinyanyui tena. Watoto, anayekukaribisha kabla hujabisha hodi huenda ana wema, huenda ana njaa. Simameni mlangoni kwanza mpaka mjue ni kipi.