Ngoma Iliyomtaja Mzee wa Kanisa

Sogeeni. Hadithi yangu haina huruma na wanyang'anyi.

Mzee wa kanisa Ndekirwa aling'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, akayapanda ndani ya shamba la mjane Aikande. Jumapili ngoma ya kanisa ilipopigwa ikasema, “Ndekirwa, rudisha mpaka.” Akafoka kwamba ngoma haina adabu, akaichana ngozi. Ikawambwa ngozi mpya, ikasema yaleyale. Akaichoma moto.

Jumapili ya tatu kukawa kimya, na Ndekirwa, pamoja na hasira zake zote, akajikuta ametega sikio, akiitamani sauti ile. Ndipo kifua chake mwenyewe kikadunda, kanisa zima likasikia: “Rudisha mpaka.”

Akaenda kwa mjane na jani la isale, lile la kuombea msamaha.

“Jani nimelipokea, Mzee,” Aikande akasema. “Jembe liko wapi?”