Orodha ya Wapiga Kelele

Wapendwa, tulieni kidogo. Leo nimeamka na moyo usiotulia, basi nawapa mfano kabla sijapoa.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la pili. Mwanamke mchapakazi, wala si mtu mbaya. Darasani alikuwa na watoto themanini na wanne. Nyumbani alikuwa na watatu na baba yao, ambaye kwa kutafuta soksi alihesabika wa nne. Siku zake zote zilikuwa mbiombio. Asubuhi anagomba, "Viatu viko wapi? Nani kamwaga uji? Mnataka kuniua?" Akifika shuleni anaendelea palepale alipoishia. Sauti yake ilifika mpaka darasa la sita, na wale wa darasa la sita wakawa wanashtuka bila kosa. Mnacheka? Chekeni, mnamjua.

Sasa kitinda mimba wake alisoma darasa hilohilo la mama yake, na ndiye aliyekuwa monita. Kwa wiki mbili binti huyu alikuwa akimwomba, "Mama, nataka nikaishi kwa mama mkubwa." Akiulizwa kwa nini, anatazama chini. Mama aliumia. Akawaza, dada yangu ananichukulia mwanangu kwa chapati. Aliogopa kumpoteza yule mtoto, na kwa ile hofu akazidi kugomba. Si ndivyo tulivyo?

Siku moja mwalimu mkuu akamwita ofisini katikati ya kipindi. Mama, akitoka huku anagomba, akamwachia binti yake karatasi, kama walimu wetu wanavyofanya.

"Monita, andika majina ya wapiga kelele. Usimpendelee mtu, hata awe ndugu yako."

"Ndiyo, mwalimu," akasema mtoto.

Huko ofisini akakaa nusu saa. Aliporudi, alifika mlangoni ameshakunja uso. "Lete hiyo orodha. Leo nitakula nao sahani moja."

Mtoto akaja mbele, karatasi ameishika kwa mikono miwili. Mwalimu akasoma. Palikuwa na jina moja tu: Mwalimu.

Wapendwa, ungekuwa wewe ungefanya nini? Fimbo iko mezani, mkono unakuwasha, na watoto wote wanakutazama.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ulisema nisimpendelee mtu, mwalimu. Na wewe uligomba ulipokuwa unatoka."

"Na hawa wenzako? Nusu saa nzima hakuna aliyepiga kelele?"

"Hakuna. Ulipotoka tukatulia."

Yule mama akakaa kwenye kiti. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Akaitazama tena ile karatasi, jina lake limeandikwa vizuri, kwa herufi alizozifundisha mwenyewe, akaangua kicheko. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baadaye hayakuwa tena machozi ya kicheko. Watoto wakatazamana, maana mwalimu wao akicheka walikuwa hawamjui. Halafu akamvuta binti yake karibu, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kwa mama mkubwa kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Tunakaa tu, tunacheka."

Ndugu zangu, huyo mama alikuwa anagombana na chapati za dada yake bure. Na sisi je? Tunasema tunahangaika kwa ajili ya watoto wetu, na ni kweli. Lakini wao wanachokisikia ni ule mhangaiko. Mimi ninayesimama hapa, asubuhi ya leo nimemgombeza mama mchungaji kwa sababu ya kola ya shati, kisha nikaja kuwahubiria amani. Naona aibu kusema, lakini nasema.

Siulizi kama unawapenda walio nyumbani kwako. Najua unawapenda. Nauliza, ukitoka asubuhi ukafunga mlango, wale uliowaacha ndani wanakukumbuka, au ndipo wanapumua? Baba, usimtazame mkeo, nakuuliza wewe.

Mkitoka hapa, nendeni mkawaulize watoto wenu. Na wakishawajibu, nawasihi, msiwapigie kelele.